Tiba rejeshi kwa kifundo cha mguu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mbeya na Nyanda za Juu Kusini

Mvua zikishaanza Novemba, vifundo vya miguu huanza kuteguka. Mchuma chai wa Rungwe anateleza mteremkoni na kikapu mgongoni, mbeba viazi wa Uporoto anakanyaga ukingo wa tuta, abiria wa bodaboda anashukia upande wa mtaro, beki wa timu ya mtaa anatua kwenye shimo. Zamani watu waliuliza mawili tu: nikande au nisikande, nifungwe hogo au nisifungwe. Siku hizi kuna la tatu: "Nasikia kuna sindano ya damu yako mwenyewe inayojenga upya kano. Nikachomwe?"

Msimamo wetu tunauweka wazi mapema. Sindano hizi zina kazi, ila kazi yake ni ndogo kuliko matangazo yanavyosema. Wengi wanaozitafuta wanahitaji kwanza kujua hasa kilichoumia, kisha wiki 12 za mazoezi.

Tiba rejeshi ni nini hasa?

Ni tiba zinazojaribu kuusaidia mwili ujenge upya tishu iliyoharibika, zaidi ya kutuliza maumivu tu. Kwa kifundo utasikia zaidi aina nne: PRP, yaani plazma ya damu yako iliyokusanyiwa chembe sahani nyingi, uloto unaochotwa kwenye mfupa wa nyonga na kuchujwa, seli za gegedu (tishu telezi inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) zilizokuzwa maabara, na sindano ya glukosi kali.

Chembe sahani ni zile chembe ndogo za damu zinazokimbilia kwenye jeraha na kuziba damu isitoke. Ndani yake zimebeba protini zinazoziita seli za ukarabati na kuziamuru zianze kazi. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe sahani 150,000 hadi 450,000 katika kila maikrolita moja ya damu. PRP ni jaribio la kuzipeleka kwa wingi mahali ambapo damu yenyewe hufika kwa uchache.

Nimeteguka jana. Nikichomwa PRP mapema si nitapona haraka?

Hapana. Jeraha jipya tayari limejaa damu na chembe sahani zake. Jaribio lililofanywa kwa watu walioteguka na kufika kitengo cha dharura halikuonyesha kwamba waliochomwa PRP walipata nafuu kuliko waliochomwa maji ya chumvi.

Katika saa 48 za kwanza, fanya haya. Funga bandeji ya mvutano kuanzia karibu na vidole hadi katikati ya muundi, ikaze zaidi kwenye vidole na kulegea kadiri unavyopanda. Vidole vikipoa, vikifa ganzi au kubadilika rangi, ifungue uifunge upya. Inua mguu juu ya usawa wa moyo. Kuuweka kwenye kigoda ukiwa umeketi wima hakutoshi, lala uweke mito miwili chini yake. Barafu, au maji ya baridi ya bomba ambayo huku Mbeya yanatosha kabisa mwezi Juni, tumia dakika 15 kwa wakati mmoja, kitambaa kikiwa kati ya barafu na ngozi. Kwa maumivu meza parasetamoli. Anza kukanyaga taratibu mara tu mguu unapokubali, kwa magongo kama yapo.

Nitajuaje kama ni mfupa umevunjika?

Kuna kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, na hata zahanati isiyo na eksirei inaweza kuzitumia. Piga picha kama kuna maumivu eneo la kifundo au unyayo, pamoja na moja kati ya haya:

- ukibonyeza jicho la mguu la nje au la ndani, kwenye ncha yake au ukingo wake wa nyuma ndani ya sentimita 6 za mwisho, mfupa wenyewe unauma;
- ukibonyeza nundu iliyo katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, mahali unapoanzia mfupa wa kidole kidogo, inauma;
- ukibonyeza mfupa uliojitokeza upande wa ndani wa unyayo, mbele kidogo ya jicho la ndani, unauma;
- hukuweza kutembea hatua nne palepale ulipoumia, na hata sasa huwezi. Kuchechemea kunahesabiwa kuwa kutembea.

Bonyeza mfupa. Ukibonyeza nyama iliyovimba mbele ya jicho la nje itauma kwa kila aliyeteguka, na hapo ndipo wengi wanapopotoka. Bonyeza pia muundi mzima upande wa nje hadi chini ya goti, kwa sababu kifundo kikijipinda kwa nguvu mfupa mwembamba unaweza kuvunjikia juu huko. Kwa mtoto anayekua, mlevi, au mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu, usitegemee kanuni hizi peke yake. Mpeleke akapigwe picha.

Na kama ulisikia mlio nyuma ya kisigino, kama mtu amekupiga teke, lala kifudifudi miguu ikining'inia nje ya kitanda, mtu akuminye shavu la mguu. Unyayo usipocheza hata kidogo, kano ya kisigino imekatika. Hilo ni la hospitali siku hiyohiyo.

Bibi anakanda kwa maji moto na chumvi. Anakosea?

Anakosea wakati, hakosei kila kitu. Siku mbili tatu za mwanzo mishipa midogo iliyopasuka bado inavuja. Joto huitanua na kidole gumba cha mkandaji kinaibomoa zaidi, ndiyo maana mguu uliokandwa jioni huamka umevimba mara mbili. Baada ya wiki, uvimbe ukishatulia, kitambaa cha uvuguvugu kabla ya mazoezi kinalegeza misuli vizuri. Kinachokatazwa wakati wote ni kuvuta na kuzungusha mguu "urudi mahali pake" kabla ya picha. Mfupa uliopasuka kidogo unaweza kuhama kabisa.

Walisema nifungwe hogo wiki sita. Ni sawa?

Kwa kuteguka kusikovunja mfupa, wiki sita ni nyingi mno. Misuli ya muundi inanyauka na kiungo kinakakamaa. Hata hivyo hogo si adui. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2009, lenye watu 584 walioteguka vibaya kiasi cha kutoweza kukanyaga, lilionyesha kwamba hogo la chini ya goti kwa siku 10 liliwasaidia kupona vizuri zaidi kufikia miezi mitatu kuliko soksi ya bandeji pekee. Siku 10, kisha linatoka na mazoezi yanaanza.

Kwa nini mguu uleule unateguka tena na tena?

Hili ndilo swali tungependa liulizwe kwanza, maana jibu lake linawaondoa watu wengi kwenye foleni ya sindano.

Mara nyingi unyayo hujipinda kwa ndani, na kinachokatika kwanza ni ligamenti ya mbele upande wa nje, utepe mwembamba unaolishika jicho la nje na mfupa wa talasi ulio chini yake. Ikizidi, inafuata ile inayoshuka hadi kisigino. Ligamenti hizo hazishiki mifupa tu. Zina vihisio vinavyoujulisha ubongo unyayo umekaa pembe gani. Zikichanika, taarifa inachelewa. Unakanyaga jiwe, na misuli ya nje ya muundi inayopaswa kuuvuta unyayo urudi inaamka mguu ukiwa umeshapinduka. Ligamenti inaweza kuunga vizuri kabisa na mguu ukaendelea kuteguka, kwa sababu mawasiliano hayakufundishwa upya. Hakuna sindano inayofundisha hilo.

Mazoezi yenyewe hayahitaji gimu.

Wiki ya kwanza, ukiwa umeketi, andika herufi A hadi Z hewani kwa kidole gumba cha mguu, mara tatu kwa siku.

Kuanzia wiki ya pili, tafuta tyubu chakavu ya baiskeli kwa fundi. Kata kipande cha urefu wa mita moja, funga ncha zote mbili kwenye mguu wa kitanda kizito, ingiza unyayo kwenye kitanzi. Kisigino kikiwa sakafuni, sukuma unyayo kuelekea nje ukihesabu mbili, urudishe taratibu ukihesabu nne. Mara 15, mizunguko mitatu. Kosa la kawaida ni kuzungusha goti zima badala ya unyayo. Weka kiganja juu ya goti. Likitembea, anza upya. Kosa la pili ni kuuachia unyayo urudi ghafla, na kule kurudi taratibu ndiko kunakojenga zaidi.

Wiki ya tatu hadi ya sita, simama kwa mguu ulioumia sekunde 30, mara tano, karibu na ukuta. Ukiweza bila kuyumba, fumba macho. Ukiweza na hilo, simama juu ya blanketi lililokunjwa mara nne. Ongeza kunyanyua visigino, miguu yote miwili kwanza, 15 mara tatu, kisha mguu mmoja hadi ufikie idadi ya mguu mzima.

Wiki ya sita na kuendelea, kuruka mbele, kuruka pembeni, kukimbia zigizaga. Anayefanya kazi mteremkoni afanye mazoezi mteremkoni, kwanza mikono mitupu, halafu na mzigo wa kilo 5, halafu 10.

Wengi huacha wiki ya tatu kwa sababu maumivu yameisha. Ligamenti iko hivi: wiki ya kwanza ni uvimbe na usafishaji, hadi wiki ya sita inashonwa kwa nyuzi changa zilizokaa hovyo, na kuanzia hapo hadi karibu mwaka nyuzi hizo zinajipanga kufuata mwelekeo wa mvuto. Zisipovutwa kwa mazoezi hazijipangi.

Basi PRP ina nafasi kwenye majeraha gani?

Tutajibu jeraha kwa jeraha, kwa sababu tangazo linalosema "tunatibu kifundo" halisemi kitu.

Kano ya kisigino inayouma kwa miezi: Uingereza, mwaka 2021, watu 240 waligawanywa, wengine wakachomwa PRP mara moja na wengine sindano ya kuigiza isiyo na PRP. Baada ya miezi sita hakukuwa na tofauti. Kabla ya hapo, mwaka 2010, Waholanzi walipata jibu hilohilo kwa watu 54. Mazoezi ya kushusha kisigino taratibu ukingoni mwa ngazi bado ndiyo tiba ya kwanza.

Kano ya kisigino iliyokatika: jaribio la Uingereza la mwaka 2019 lenye watu 230 halikuona faida ya PRP.

Gegedu ya kifundo iliyolika: Uholanzi, 2021, watu 100, sindano mbili zilizopishana wiki sita. Kufikia wiki ya 26, PRP haikuizidi sindano ya maji ya chumvi. Hili linauma kulisema, kwa sababu hawa ndio wagonjwa wanaoteseka zaidi. Wengi wao ni wakulima waliovunjika kifundo miaka iliyopita.

Ligamenti za juu ya kifundo, zinazofunga pamoja mifupa miwili ya muundi: utafiti mdogo wa wanamichezo 16 ulionyesha waliochomwa PRP wakirudi mchezoni kwa wastani wa siku 41, wengine siku 60. Ni dalili njema, lakini watu 16 ni wachache mno kujengea uhakika.

Shimo la gegedu juu ya talasi: hapa ndipo tunapoona tiba rejeshi ikiwa na sababu nzuri zaidi, ikiwa nyongeza ya upasuaji. Daktari huingia kwa kamera, husafisha gegedu lililokufa, hutoboa vitundu kwenye mfupa ili damu ya uloto itoke na kufunika shimo. Kwa shimo dogo njia hiyo hufanya kazi. Kipimo kilichozoeleka ni chini ya milimita za mraba 150, mathalani 10 kwa 15, na madaktari wengi sasa wameshuka hadi karibu 100. Likizidi hapo, ndipo huzungumzwa uloto uliochujwa, kupandikiza kipande cha mfupa na gegedu kutoka gotini, au seli zilizokuzwa maabara.

Ligamenti ya nje iliyochanika nusu, ambayo miezi mitatu ya mazoezi ya kweli haikuitosha: kujaribu PRP kunaweza kujadiliwa, mgonjwa akijua kwamba ushahidi bado ni mwembamba.

PRP inatengenezwaje?

Kwanza kipimo kamili cha damu, kuona idadi ya chembe sahani. Kisha huchotwa damu, kwa kawaida mililita 15 hadi 60, kwa sindano nene kiasi, geji 18 hadi 21, na kwa mvuto wa polepole. Sindano nyembamba au mvuto wa haraka huzipasua chembe sahani kabla hazijafika popote. Bomba la sindano huwa limeshawekwa dawa ya sitrati inayozuia damu kuganda, mililita 3 hivi kwa damu mililita 27.

Halafu mashine ya kuzungusha. Bomba likitoka, tazama kwenye mwanga. Chini kuna nyekundu nzito ya chembe nyekundu. Juu kuna majimaji ya manjano kama chai ya rangi iliyopauka. Katikati yao kuna utando mwembamba mweupe-kijivu, unene wa uzi. Chembe nyeupe ziko humo, na chembe sahani zimejaa humo na kwenye manjano iliyo karibu nayo. Manjano ya juu kabisa ni masikini wa chembe sahani. Fundi akivuta kutoka juu badala ya chini karibu na utando, amekuchoma majimaji yako tu. Njia nyingine huzungusha mara mbili: mara ya kwanza taratibu kutenga nyekundu, mara ya pili kwa kasi kuzikusanya chembe sahani chini.

Kasi ya mashine hudanganya kama hujui nusu kipenyo chake. Mizunguko 1,500 kwa dakika kwenye mashine yenye nusu kipenyo cha sentimita 10 ni nguvu ya takriban mara 250 ya mvuto wa dunia. Kwenye yenye sentimita 15 ni mara 377. Kunakili "1,500 kwa dakika 10" kutoka kituo kingine bila kupiga hesabu hiyo ni kosa linaloharibu PRP nyingi. Umeme ukikatika katikati, au mashine ikisimamishwa kwa breki kali, matabaka huchanganyika.

Jambo la huku kwetu: chembe sahani huhifadhiwa vizuri kwenye nyuzi joto 20 hadi 24. Asubuhi za Juni na Julai za Mbeya, Makambako na Njombe, chumba kisicho na joto hushuka chini sana ya hapo, na baridi huziamsha chembe sahani kabla ya wakati wake. PRP haiwekwi kwenye friji. Inatumika palepale, ndani ya saa chache.

Nitajuaje kwamba nimepewa PRP ya kweli?

Piga hesabu mwenyewe. Wengi hulenga mara 3 hadi 5 ya kiwango cha kawaida. Wakichota mililita 10 na kukuchoma mililita 5, basi hata kama hakuna chembe sahani hata moja iliyopotea, huwezi kuzidi mara 2. Wakichota 30, wakabakiza 4, na mashine ikaokoa asilimia 60, unapata mara 4.5. Uliza: mmechota ngapi, mnachoma ngapi, idadi yangu ya chembe sahani ilikuwa ngapi kabla, na je, mmewahi kupima zilizotoka? Kituo kinachojua kazi hujibu bila kukasirika.

Sindano nayo iongozwe na altrasaundi. Ligamenti ya nje ina unene wa milimita mbili hivi. Kuilenga kwa kupapasa ni kubahatisha. Jina lako liwe kwenye bomba tangu damu inapochotwa, na vifaa vyote vifunguliwe mbele yako. Damu ya mtu mwingine ikiingia kwako kwa kuchanganya mabomba, homa ya ini B na VVU vinaweza kuja nayo.

Inauma? Na siku zinazofuata?

Inauma. Ganzi huwekwa kwenye ngozi tu, kwa kuwa ikichanganywa na PRP hudhoofisha chembe sahani na huweza kudhuru seli za kano. Siku mbili tatu za kwanza maumivu huongezeka. Meza parasetamoli.

Usimeze diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini kuanzia siku 7 kabla hadi wiki mbili baada ya sindano, maana hizo huzima kazi ileile uliyolipia. Soma boksi la dawa, kwa sababu vidonge vingi vya "mgongo na viungo" vya duka la dawa vina diklofenaki ndani. Aliyepewa aspirini na daktari wa moyo asiiache kwa uamuzi wake.

Siku mbili za mwanzo tembea kidogo, kwa magongo ikibidi. Siku ya 3 hadi 14 zungusha kiungo bila mzigo. Baada ya hapo rudi kwenye tyubu ya baiskeli. Pima matokeo wiki ya 6 na ya 12. Miezi mitatu ikipita bila badiliko, usikubali ya pili kwa sababu tu ni "dozi".

Kifundo kikiwaka moto, kikawa chekundu, na homa au kutetemeka vikaja, nenda hospitali usiku huohuo. Bakteria wakiingia kwenye kiungo hula gegedu kwa siku chache.

Nani asichomwe?

Mwenye homa au maambukizi popote mwilini, mwenye kidonda kwenye ngozi ya eneo la kuchomwa, mwenye saratani ya damu, anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) bila daktari wake kushirikishwa, na mwenye chembe sahani chini ya 100,000. Hapa kuna jambo linalosahauliwa: malaria hushusha chembe sahani. Mtu aliyetoka Kyela, au popote kwenye malaria, akiwa na homa, apimwe, atibiwe, arudie kipimo cha damu, ndipo mazungumzo ya PRP yaanze. Mwenye selimundu aseme mapema.

Seli shina je? Zinaota gegedu jipya?

Seli za uloto unaochotwa nyongani zilipewa jina la seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, na mwanasayansi wa Marekani Arnold Caplan mwaka 1991. Mwaka 2017 yeye mwenyewe alitaka jina libadilishwe, kwa kuwa zikichomwa hazigeuki kuwa gegedu. Zinatoa ishara kwa seli zilizopo. Tena ni chache: kwenye uloto wa mtu mzima ni kati ya moja kwa seli 10,000 na moja kwa 100,000. Uchotaji wenyewe una ujanja. Anayevuta mililita 50 kwa mkupuo mahali pamoja anapata damu zaidi kuliko uloto. Huvutwa kidogo kidogo huku sindano ikihamishwa.

Usichanganye na upandikizaji wa uloto kwa wagonjwa wa selimundu na saratani za damu unaofanyika hospitali za Muhimbili, Dar es Salaam, na Benjamin Mkapa, Dodoma. Ile ni tiba nyingine kabisa, na kuwepo kwake si ushahidi kwamba kifundo chako kitapona.

Kuna vidonge vya "seli shina" vinauzwa. Vinafaa?

Hapana. Seli hai haivuki tumbo lenye tindikali ikiwa hai. Fedha hiyo itoshe magongo na bandeji.

Inatofautianaje na sindano ya steroidi?

Steroidi huzima uvimbe haraka, nafuu huja ndani ya siku chache na kuondoka baada ya wiki kadhaa. Kwenye kiungo kilicholika inaweza kukupa msimu mmoja wa mavuno. Ikirudiwa mara kwa mara hudhuru gegedu, na ikichomwa kwenye kano ya kisigino inaweza kuikatisha. Uliza jina la dawa kabla sindano haijaingia. Kama wewe ni mwenye kisukari, sukari yako itapanda kwa siku kadhaa.

Na ile ya glukosi?

Ni glukosi ya asilimia 12.5 hadi 25 inayochomwa kuchokoza tishu ijikarabati. Ni nafuu kwa bei, lakini ushahidi wake kwa kifundo ni haba kuliko hata wa PRP.

Nianzie wapi nikiwa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe?

Anza na daktari wa mifupa na mfiziotherapia, usianze na tangazo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya hupokea rufaa za Nyanda za Juu Kusini; hospitali za rufaa za mikoa ndizo hatua ya kabla yake; Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ndiyo ya mwisho kitaifa. Beba picha zote za eksirei, hata za miaka ya nyuma, na karatasi yenye tarehe ya kila kuteguka na dawa unazomeza. Eksirei ya kifundo ipigwe umesimama inapowezekana. Ukilala, nafasi ya gegedu huonekana pana kuliko ilivyo. MRI, picha ya sumaku inayoonyesha hata gegedu na ligamenti, ni ya pale maumivu yanapodumu zaidi ya wiki sita hadi nane bila sababu kuonekana.

Kabla ya kulipa, hakikisha daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na uliza bima yako kwa maandishi kama inagusa sindano hiyo. Usikope wala kuuza ng'ombe kwa ahadi ya mdomo.

Ukichomwa Dar es Salaam, usipande basi siku ileile. Ni zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya, mguu ukining'inia saa 12 au zaidi. Kaa siku mbili, chagua kiti cha kando ya njia, chezesha vidole na unyayo kila nusu saa, na kila basi linaposimama ushuke utembee.

Upasuaji unahitajika lini?

Pale mguu unapoendelea kuponyoka baada ya miezi mitatu hadi sita ya mazoezi yaliyofanywa kweli, na vipimo vikaonyesha ligamenti imelegea. Njia inayotumika zaidi ilielezwa na Lennart Broström wa Uswidi mwaka 1966: ligamenti yako mwenyewe hukazwa na kushonwa upya kwenye mfupa. Matokeo yake ni mazuri, na kwa mkulima mwenye mguu unaoponyoka ni njia ya uhakika kuliko sindano tatu za PRP.

Nirudi lini shambani au uwanjani?

Usihesabu siku, pima mguu. Geukia ukuta, sogeza kidole gumba cha mguu mbali nao kadiri goti linavyoweza kugusa ukuta bila kisigino kunyanyuka. Pima kwa rula, miguu yote miwili. Tofauti ikizidi sentimita 2, bado. Nyanyua kisigino cha mguu mmoja hadi uchoke. Ufikie angalau asilimia 90 ya mguu mzima. Ruka kwa mguu mmoja mara tatu mfululizo, upime umbali, kwa kigezo hichohicho. Kisha shuka mteremko ukiwa na mzigo wa kazi yako halisi.

Ukifaulu vyote, rudi na kiatu kinachoshika kisigino barabara. Gambuti zilizolegea mguuni, zinazopendwa sana kwenye matope ya chai na viazi, huteleza ndani kwa ndani. Vaa soksi mbili nene au ingiza soli ya ziada. Mchezaji afunge kifundo kwa kishikizo cha kamba au plasta ya michezo kila mechi na kila mazoezi kwa mwaka mzima tangu alipoumia, na kusimama kwa mguu mmoja kuendelee mara tatu kwa wiki, hata wakati wa kupiga mswaki.